Jozi ya Njiwa ya Enos Vautier

Benchi letu liko kona ya mtaa wa Club Row, huku England, limeegemea ukuta wa duka la mbegu za ndege, na mbele yake kuna toroli la kahawa la Bi Tabitha. Kahawa yenyewe nusu ni mizizi iliyokaangwa ikasagwa, lakini ni ya moto, na kwa ukungu wa Novemba mtu hachagui. Zamani tulikuwa tukikaa pale Jumatatu tu, kwa sababu mfumaji wa hariri anayejiheshimu hagusi mtambo Jumatatu. Tangu hariri ya Wafaransa iruhusiwe kuingia bila ushuru, kila siku imekuwa Jumatatu. Tunakaa, tunakunywa, tunabishana habari za njiwa, maana mtaani kwetu asiyefuga njiwa juu ya paa hutazamwa kama mtu mwenye jambo analolificha.

Asubuhi hiyo Enos Vautier alikuwa ameketi mwisho wa benchi, barua magotini, haijafunguliwa. Alikuwa hapo tangu alfajiri kumvizia tarishi, asije akaipeleka nyumbani ikaanguka mikononi mwa mkewe. Sote tulijua imetoka kwa nani. Yule bwana wa Kent anayechunguza viumbe, mwenye ndevu, aliwahi kuja kwenye chama chetu cha wafugaji akanywa na sisi kama mwenzetu, na tangu hapo barua zake hazijakoma. Anauliza njiwa wako ana manyoya mangapi mkiani, anaanza kupinduka hewani akiwa na umri gani. Ukimwandikia, anajibu, hata kama wewe ni mfumaji usiye na kazi. Mkia, tunayemwita hivyo kwa sababu ya njiwa wake wa mkia wa kipepeo, alipata barua mbili, moja ameiwekea fremu na kuitundika mahali ilipokuwa picha ya mama mkwe wake.

Lakini Enos hakuwa na shida ya njiwa. Enos alimwoa Hester, binti wa baba yake mdogo, kama wengi wetu tunavyooana huku ili mtambo na nyumba visitoke kwenye ukoo. Wamezika watoto watatu. Wa nne, Tobias, ana miaka miwili, kifua chake hupiga mluzi akihema, na miguu imekataa kumbeba. Enos amefuga njiwa maisha yake yote. Anajua ndege wa banda moja wakipandishwa wao kwa wao muda mrefu huwaje. Swali lilikuwa linamla ndani kwa ndani: je, ni damu yake na ya Hester ndiyo inayoua watoto?

Basi mwezi Septemba alikaa hapa hapa na kalamu, akashindwa kuandika neno "mke wangu". Mara tatu aliandika, mara tatu akachana. Ndipo Askofu akatoa akili yake. Askofu hajawahi kuwa hata mzee wa kanisa, jina hilo amelipata kwa kupenda kuhubiri. Akasema bwana mkubwa kama yule hawezi kumjibu mfumaji habari za tumbo la mkewe, ni aibu kwa wote wawili, lakini habari za njiwa hujibu bila kukawia. Kwa hiyo mwandikie njiwa. Tukaona ni werevu kupindukia. Wakaandika hivi: nina jozi, dume na jike, baba zao ni ndugu. Makinda watatu wamefia kiotani. Wa nne anahema kwa shida na miguu haina nguvu. Je, ni damu, na nifanye nini? Mkia akasema njiwa na binadamu ni kitu kimoja, akataka tu iongezwe kwamba ni wa rangi ya kijivu, ili ionekane kweli.

Jibu lilichelewa mno, na sasa lilikuwa magotini mwa Enos, naye hakuthubutu kulifungua. Hapo benchi likafanya kazi ambayo benchi linaijua, porojo.

— Yule bwana alikuwa mgonjwa, akasema Mkia. Tumbo. Watu wanasema hulala kwenye kochi mchana kutwa akitapika.

— Tumbo gani, akasema Askofu. Yule anawapigia minyoo wa udongo kinanda, aone kama wanasikia. Nimeambiwa na mtu anayepeleka makaa ya mawe kule. Minyoo wako kwenye vyungu, juu ya kinanda.

— Acha zako.

— Sasa mtu anayewaburudisha minyoo atapata wapi nafasi ya kumwandikia Enos?

Bi Tabitha, akisuuza vikombe, akasema yeye alisikia kwa dobi mmoja wa kule kwamba bwana huyo naye amemwoa binti wa mjomba wake, na ana watoto makaburini. Hiyo ndiyo iliyotuchekesha kuliko minyoo. Tajiri kama yule, England nzima iko mbele yake, aende akaoe kwa mjomba? Bi Tabitha hakubishana, akaendelea na vikombe vyake.

— Isome wewe, Enos akamwambia Askofu. Mimi macho yangu hayataki.

Askofu akaifungua, akakohoa kama yuko mimbarini, akasoma.

"Bwana mpendwa. Nakushukuru kwa dhati kwa maelezo yako yaliyo wazi, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Yanalingana na niliyoelezwa na wafugaji wengine. Sina shaka kubwa kwamba damu imekaribiana mno. Ningekuwa wewe, ningewatenganisha jozi hiyo, nikampa kila mmoja mwenzi kutoka banda la mbali. Kinda wa nne sitarajii ataishi. Akifa, utanifanyia hisani kubwa ukinitumia mwili wake, bila kuunyonyoa, umefungwa vizuri kwenye kisanduku. Gharama ya treni nitalipa mimi. Naona haya kukusumbua."

Sauti ya mimbarini ilikuwa imemwishia Askofu kabla hajafika kwenye treni. Alimaliza kwa kunong'ona. Nilimtazama Enos, nikatamani nisiwe na macho. Bwana wa watu hakuwa na kosa lolote, aliulizwa njiwa akajibu njiwa, tena kwa adabu.

Mkia ndiye aliyeanza kusema.

— Lakini hayo ni ya njiwa, Enos. Binadamu ni kitu kingine.

— Wewe ndiye uliyesema ni kitu kimoja, nikamwambia.

— Nilisema kidogo. Au basi Hester aende kwa ndugu wa mama yake, mji wa Norwich, akae mpaka majira ya joto. Huko ni kama banda la mbali.

— Hester si jike la njiwa, akasema Bi Tabitha.

— Tumwandikie tena, akasema Askofu, na macho yalikuwa yamemtoka. Tuseme ni sungura. Labda kwa sungura ana jibu jingine. Au mbwa. Mbwa anawapenda, mbwa atawaonea huruma.

— Sungura ndiyo, akadakia Mkia. Sungura wanazaa sana.

Wakaingia humo wote wawili, wanabishana sungura au mbwa, wa rangi gani, huku mwenye watoto amekaa pale pale.

— Hester ananisubiri, akasema Enos polepole. Anajua nilimwandikia mtu. Nikifika ataniuliza, nami nimwambie nini? Kwamba tutengane? Kwamba tutafute kisanduku?



Mchukuzi mmoja wa sokoni, mgeni kwetu, alikuwa amesimama kando ya toroli akingoja kikombe chake. Alikuwa amesikia barua, hayo mengine hakuyafuata, na kwa jinsi alivyotega sikio ilionekana naye ni mfugaji. Akatusogelea kwa heshima.

— Samahani wakubwa zangu. Huyo kinda bado yuko hai?

Askofu akakitazama kikombe chake. Mkia akatazama barabara. Mimi nikamtazama Enos.

— Sijui, akasema Enos. Nimetoka gizani, alikuwa amelala. Sikumwangalia.

Akainuka. Alitembea hatua chache kama mtu wa kawaida, kisha akaanza kukimbia, mtu mzima, koti wazi, mpaka ukungu ukammeza. Barua ilibaki kwenye benchi na hakuna aliyetaka kuigusa.

— Nimesema nini kibaya? mchukuzi akauliza.

Bi Tabitha akampa kahawa yake.

— Huyo kinda anaitwa Tobias, akamwambia. Ni mwanawe.

Yule mchukuzi akavua kofia. Askofu akamwambia kwa ukali aivae, hakuna aliyekufa hapa. Lakini yeye mwenyewe ya kwake alikuwa ameshaivua, ameibana kifuani kwa mikono miwili.