Ukili wa Rangi Mbili

Katika mtumbwi wa kuvuka mto Kingani, Somoe alibanwa kati ya watu wawili wasiojuana, wakibishana juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni gunia la mtama.

"Bibi, tabibu wa Unguja kakupotezea safari," alisema Mzee Mohamedi, baada ya mwenzake kusimulia alivyotibiwa macho huko. "Jicho hilo mbona bado halioni?"

Katarina, mama wa misheni, hakuacha kusuka ukili wake wa kushonea mkeka. "Lililokufa halirudi, mzee wangu, alinieleza mapema. Nilimpelekea hili la pili, lilipoanza kuwa gumu kama kokwa. Kila taa niliiona imezungukwa na upinde wa mvua. Akalipasua kidogo, na dawa ya matone natia hadi leo."

Somoe akashtuka. Upinde huo alikuwa akiuona yeye pia, na hakumwambia mtu.

"Kusuka hata kipofu anasuka," Mohamedi alishikilia.

Katarina akauinua ukili, mwekundu kwa mweusi, haukukosea hata mstari. "Vidole havijui rangi, mzee wangu."

Mtumbwi ukagusa ukingo. Katarina akashuka wa kwanza, akageuka, akampa Mohamedi mkono asiteleze.

"Shikamoo, mama," Somoe akamwahi. "Kwa huyo tabibu mtu anafikaje?"