Mzee Meza Anaondoka, Meza Inabaki

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha maboksi, Mkurugenzi Mkuu wetu, Mzee Meza, anastaafu. Jina lake la kwenye vyeti lipo, lakini ukiliulizia getini mlinzi atakuapia kwamba mtu huyo hamjui. Mimi ndiye katibu muhtasi wake tangu apate ukurugenzi, kwa hiyo kamati ya sherehe imenikabidhi kazi ya kumsifu. Nitajitahidi, ingawa miguu yangu bado ina kinyongo naye.

Alianza kama karani wa mauzo. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mtanashati kupita kiasi, na akilazimika kupita karakana alipita mbio, vumbi la karatasi lisije likamharibia suti. Kuuza alijua, hilo hatumnyimi, na vyeo vilimfuata. Alipofika juu kabisa alijipatia ofisi ya ghorofani yenye zulia, pazia zito na meza ya mbao ngumu ambayo aliisimamia mwenyewe ikichongwa. Wa chini walimwona siku za wageni tu.

Halafu ikaja ile oda kubwa. Mzee hakuchoka kupiga simu chini kuuliza mzigo umefikia wapi, na msimamizi wa zamu, presha ikimpanda, akaifungua kinga ya mashine ya kukata ili kazi iende haraka. Mchana huo huo dada yetu wa mashine ya kukata alipoteza vidole viwili. Hapa sina utani.

Mkaguzi wa usalama kazini alikuja, kesi ikaenda mahakamani, na mshtakiwa wa kwanza hakuwa msimamizi, alikuwa Mkurugenzi. Ndipo wengi wetu tulipojifunza sheria. Anayeongoza kampuni anawajibika yeye mwenyewe kuhakikisha mashine zina kinga na watu wamefundishwa kazi yao, na akipuuza anaweza kutozwa faini au kufungwa, hata kama kinga ilifunguliwa na mkono wa mtu mwingine. Wakili alimpa njia rahisi: aseme hakujua, amrushie mpira msimamizi. Msimamizi ana watoto, na siku zile alikuwa amekonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Basi Mzee, bingwa wa kukwepa lawama hata ya chai kupoa, akasimama mbele ya hakimu akasema simu zile zilikuwa zake na haraka ile ilikuwa yake. Hakimu akamuuliza alikuwa wapi kinga ilipofunguliwa. Akajibu alikuwa ofisini, ghorofani. Alitozwa faini yeye na kampuni, na akaonywa kwamba akirudi pale kwa kosa la namna hiyo, atalala ndani.

Kesho yake alikuja kazini na wazo, na sisi tulio karibu naye tunajua mawazo yake yalivyo. Alisema kama mambo yakiharibika huko chini anayetafutwa ni yeye, basi bora akae huko huko. Akawaita wapakiaji, akaamuru meza ibebwe. Tangu hapo ukawa utaratibu wa kiwanda: kitu cha hatari kikiripotiwa, meza ya Mkurugenzi inahamia pale, na haiondoki mpaka kitu hicho kitengenezwe.

Jamani, tumezunguka! Tumekaa karibu na boila mpaka tai ya Mzee ikachujia rangi kwenye shati. Tumekaa nje ya ghala la gundi feni ya kutolea hewa ilipokufa, akampokea meneja wa benki huku wote wawili wakipiga chafya kwa zamu. Mimi niliyekuwa mtu wa visigino nikajikuta nanunua viatu vya kazi vyenye chuma puani. Mafundi nao walibadilika, maana nani anataka kukaziwa macho na bosi akifunga bolti? Wajanja waliwahi kuripoti kwamba benchi la kantini linayumba, ili Mzee ahamie pale na nyama ziongezeke kwenye sahani. Ziliongezeka kweli. Hata shemeji, mke wake, aliiga: mpira wa gesi ulipochakaa nyumbani alimwandalia chakula jikoni, kando ya jiko, na kabla jiko halijawashwa tena mpira mpya ulikuwa umenunuliwa.

Tangu meza ianze kutembea, hakuna aliyepoteza kidole hapa.

Zawadi aliyoomba ya kuagwa nayo ni hiyo meza. Wote tuliafiki, isipokuwa dada wa mashine ya kukata, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya usalama. Alisema wazi kikaoni kwamba Mzee achukue chochote, hata geti, ila meza hapana. Mkurugenzi mpya ameshaagiza meza ya kioo, nzito, isiyobebeka, na dada alikuwa anaogopa tutarudi kule kule tulikotoka. Mzee alinuna. Salamu aliitoa, lakini ya mdomoni tu.

Jumatatu iliyopita kinga ya mashine ya kukata ilikutwa imelegea. Dada akazima mashine, akainua ule mkono wake wa vidole vitatu, na wapakiaji wakaelewa. Meza ikateremshwa, kiti nyuma yake. Mkurugenzi mpya, anayekabidhiwa ofisi mwezi huu, akashuka na kikombe chake cha chai. Akaiangalia meza. Akamwangalia dada. Akavuta kiti, akakaa, akauliza fundi yuko wapi.

Mzee alikuwa kwenye ngazi, anajifanya kusoma ubao wa matangazo. Akatoa leso, akafuta macho, akalalamika kwamba gundi ya siku hizi ni kali mno. Mzee wetu, ghala la gundi liko upande wa pili wa kiwanda.

Kwa niaba ya sisi wenye vidole kumi, na ya dada yetu mwenye vinane, asante. Tunakuombea afya na mapumziko marefu, kwenye kiti ambacho hakuna atakayekihamisha, labda shemeji tu akiamua.