Mamba Kwenye Kiti cha Mwalimu

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mkaguzi wa elimu aliingia darasa la sita akatoka na picha zote za ukutani. Siku hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ndivyo anavyosema fundi wa masofa, na tangu amzike mkewe hajabadilisha neno.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mke huyo, mwalimu wa Kiingereza. Watoto walimwita Teacha Mkasi, maana mkasi haukumtoka mkononi. Alipiga picha kwa simu, akazichapisha, akazikata, akazibandika upya. Soko ni lile lile wanalolijua watoto, ila muuzaji ni twiga. Kituo cha basi ni kile kile, ila anayesubiri ni mwanaanga, tena mwenye sura ya fundi wa masofa.

"Baba watoto, hebu nuna kidogo nikupige."

"Niache, mama. Nina sofa ya watu haijaisha."

"Basi hapo hapo! Umenuna vizuri."

Fundi aliishia darasa la nne, Kiingereza hakijui. Lakini aliona mwenyewe: mtoto aliyekaa kimya mwaka mzima, ukimwonyesha twiga anayepunja mizani, ataropoka tu. Nao waliropoka kwa Kiingereza. Walikosea, wakacheka, wakarudia.

Ikaja picha ya mamba. Paa la darasa lilikuwa linavuja. Mwalimu akalipiga picha darasa lenyewe, maji yametapakaa sakafuni, kisha kwenye picha hiyo akabandika samaki kwenye madawati na mamba kwenye kiti chake. Akawaambia watoto, haya, semeni kumetokea nini. Mkaguzi alipoiona, uso ukamshuka.

"Huyu mamba ni nani?"

"Ni mamba, mheshimiwa."

"Unanitania?"

Mtoto mmoja wa nyuma akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mamba amekuja kukagua paa. Darasa likaangua kicheko.

Picha zikabebwa, zikafungiwa stoo ya ofisi ya elimu. Mwalimu akaambiwa afundishe kitabu tu. Kitabu tu, wasikilizaji. Paa hakuna aliyelitaja.

Binti yao anakumbuka: "Mama alirudi akauweka mkasi juu ya kabati. Tukamuuliza, akasema mkasi ndio umechoka, siyo yeye."

Mwaka uliofuata akafariki. Daktari alisema presha. Fundi anasema wakubwa. "Presha haijileti," anasema. "Kuna mtu kaituma."

Sasa anataka kitu kimoja: picha zirudi darasani. Mwalimu mpya anazitaka, watoto wanaziulizia. Kila akifika ofisini, karani ni yule yule.

"Mzee, si tulisema tutakupigia?"

"Namba yangu mnayo?"

"Hatuna."

"Sasa mtanipigiaje?"

"Ndiyo maana hatujakupigia, mzee wangu."

Fundi, binti, na ninyi mliokaa kwenye madawati yale, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na wewe msikilizaji mwenye funguo za mlango wowote wa umma, leo jitafakari kabla hujalala.

Fundi ametuomba tulisome swali lake hewani, kwa kuwa ofisini kila mtu alimwelekeza chumba kingine. Anauliza hivi: kama picha za mke wangu zilikuwa mbaya, mbona hamkuzichoma? Na kama ni nzuri, mnamfichia nani?