Bi Kufuli na Cherehani ya Arobaini na Moja

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Kufuli atarudisha kitambulisho chake getini na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina la kwenye faili analo, ila tangu mwaka wake wa kwanza hakuna aliyelitumia, hata mkurugenzi.

Kwa wageni wetu: kampuni ikishindwa kulipa madeni na mahakama ikaamuru ifilisiwe, hukabidhiwa ofisi yetu. Tunaorodhesha mali, inauzwa kwa mnada, na wanaoidai wanagawiwa kilichopatikana. Anayetangulia kufika mlangoni na makufuli mapya, daftari na vibandiko vyekundu ni yeye. Amefunga viwanda vya sabuni, hoteli, hata duka la majeneza. Huko alihesabu majeneza sitini na mawili, akayafungua yote kuhakikisha ni matupu, kisha akala chakula chake cha mchana palepale. Sisi wengine tulikwenda kula nje.

Lakini naye amewahi kuteleza. Mwaka wake wa sita alitumwa kufunga kiwanda cha sare za shule. Daftari la kampuni lilisema cherehani arobaini, yeye akabandika arobaini na moja. Akadhani karani wa kiwanda ndiye aliyekosea, akapita.

Ile ya ziada ilikuwa ya fundi mmoja, mjane mwenye watoto watatu. Aliileta kutoka nyumbani baada ya ile ya kampuni kuharibika, na siku ya kufungwa alikuwa hospitali akiuguza mwanawe. Alikuja kwetu siku nne mfululizo. Risiti hakuwa nayo, kwa sababu cherehani aliachiwa na marehemu mama yake, na ndiyo iliyokuwa imebaki kumlishia watoto. Tukamjibu, mimi nikiwemo, kwamba kilichobandikwa ni mali ya kampuni, basi. Nasema bila kujitetea: tulikuwa tunamfukuza, na naona aibu mpaka leo.

Siku ya tano Bi Kufuli alimkuta kwenye benchi la nje, akaketi naye. Fundi akamweleza kwamba chini ya meza ya cherehani mama yake alikwaruza mistari mitatu kwa msumari, mmoja kwa kila mjukuu aliyezaliwa. Mnada ulikuwa kesho yake. Bi Kufuli akaenda ghalani, akalala chali sakafuni na nguo zake za kazini, akawa anajiburuta chini ya meza moja baada ya nyingine. Aliikuta kwenye meza ya thelathini na tatu.

Asubuhi yake akampelekea jaji kiapo kwamba kosa ni lake, akijua fika kuwa kazi ingeweza kuota nyasi. Cherehani ikaondolewa kwenye mnada, ikarudi kwa fundi. Yeye akapewa barua ya onyo, ambayo iko kwenye faili hadi leo na hajawahi kuomba iondolewe.

Tangu hapo, hafungi mlango kabla ya kutoa nusu saa ya kila mtu kuonyesha kilicho chake, kuanzia meneja hadi mfagizi. Asiyekuwepo anapigiwa simu. Vinatoka vikombe, kandambili, redio, picha za harusi. Mwanzoni tulinung'unika kwamba anatuchelewesha. Siku hizi ndiyo kanuni ya ofisi.

Wiki hii amejikagua mwenyewe. Dawati, kiti na kabati amevibandika vibandiko vyekundu. Vyake ni kikombe chenye ufa, kandambili, na mwavuli ambao kusema kweli ni wangu, ila yaishe.

Akipanda jukwaani kuagwa, tazameni gauni lake la bluu. Fundi alilileta Jumatatu, akakataa malipo katakata, akakaa kwenye benchi lilelile kungoja gauni lijaribiwe. Amelishona kwa cherehani ile. Mtoto aliyekuwa akiuguzwa ndiye aliyemsindikiza, na sasa ni baba wa watoto wawili. Meza ile, anasema, ina mistari mitano.

Asante, dada yetu. Kapumzike kwa afya na furaha, na mwavuli uutunze.