Haifai, Leta Nyingine: Mama Virginia Aaga Maabara

Baada ya miaka ishirini na minane katika maabara ya hospitali yetu hapa Eldoret, Mama Virginia Wacera anastaafu tarehe 30 Juni 1990. Madaktari wetu sasa watapumua.

Alianza mwaka wa 1962 akiosha chupa, akapanda hadi kuwa mkuu wa maabara. Sampuli isiyo na jina na tarehe hakuipokea, hata iletwe na daktari mkuu mwenyewe. Aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Haifai, leta nyingine. Na ole wako uweke maziwa yako kwenye friji yake! Bwana Kabiru wa stoo alijaribu. Maziwa yalipimwa, akaletewa ripoti kwamba yametiwa maji.

Mwaka wa 1986, Jeruto, mwenyeji wa kijiji cha Ziwa na mfanyakazi wetu wa usafi, alikuwa akikosa kufika kazini siku mbili tatu kila mwezi kwa maumivu ya hedhi. Ofisi ikamwandikia barua ya onyo: anajifanya mgonjwa, akirudia atafutwa kazi. Mwandishi wa barua hiyo ni mimi, karani wa wafanyakazi. Nilijiona mwerevu kweli!

Jeruto alimpelekea Mama Virginia barua ile huku akilia. Mama alimshika mkono hadi kwa daktari wa upasuaji, akakataa kuondoka mlangoni. Jeruto alipopasuliwa, tumboni kulipatikana endometriosisi: nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba, imeota nje yake. Majimaji ya humo yalijaa chembe nyeupe za damu. Mama akayafungia kwa barafu ndani ya thamosi ya chai ya ofisi yangu, bila kuniuliza, akayatuma kwa watafiti Nairobi.

Jibu lilichukua miezi saba. Kemikali ambazo chembe hizo, walinzi wa mwili, hutumia kuitana zilikuwa zimezidi mno. Waliitana bila kunyamaza, na huenda kelele hizo ndizo zilizozidisha uvimbe na uchungu. Mama alinisomea mara mbili, polepole. Jeruto alitibiwa, na kazi yake anayo mpaka leo.

Jumatatu hii, akikabidhi funguo, Mama aliniachia bahasha. Ndani mlikuwa na barua yangu ya onyo. Juu yake, kwa wino mwekundu: Haifai, leta nyingine.

Mama, nyingine ndiyo hii. Jeruto hakujifanya, mimi ndiye niliyekosea, na naomba radhi kwenu wote wawili. Asante kwa kila chupa uliyoikataa. Kapumzike nyumbani Munyaka, na siku zako ziwe njema.

Safari hii nimeweka jina na tarehe.

Paul Khisa, 22 Juni 1990