Nilirudi Nikakuta Nimezikwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wawili watatu hapo mbele wamerudisha benchi nyuma niliposimama. Rudisheni tu, nimezoea. Mimi ndiye Akinyi wa Sindo, yule aliyezikwa akiwa hai. Nataka leo mnisikie kwa mdomo wangu mwenyewe, maana huko sokoni mmeshauziwa habari yenye chumvi nyingi.

Ilikuwa miaka hii ya tisini. Nilikuwa nanunua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huko visiwani na kuziuza Suna, hapa Migori. Siku moja upepo ulipindua boti yetu mchana kweupe. Sitawasimulia kilio cha watu wale, kwa sababu nikianza sitamaliza ushuhuda. Nilishika mtungi wa plastiki, maji yakanipeleka yalikotaka. Wavuvi wa upande wa Tanzania waliniokota, nikalala kwao wiki nyingi na homa kali, sijui jina langu wala kwetu. Akili iliporudi, watu wale wema walinipandisha gari hadi mpakani, na kutoka hapo nikajikokota mpaka nyumbani.

Sasa, ndugu zangu, mnajua desturi yetu sisi Waluo. Mtu akimezwa na ziwa na mwili usionekane, hatumwachi hivyo. Tunachukua yago, lile tunda refu na zito la porini, tunalilia kama maiti, tunalizika kwa jina lake, ili roho yake isirudi kusumbua boma. Basi niliingia langoni nikaona udongo mpya upande wa kushoto wa nyumba yangu, mahali anapozikwa mke. Nikajiuliza, jamani, nani amekufa kwetu? Hapo mama mkwe akatoka na ungo wa mtama. Aliponiona, mtama wote ulimwagika.

"Jachien! Mzimu!" alipiga yowe. "Tulikuzika vizuri! Unataka nini tena kwetu?"

Nilimpanulia mikono binti yangu Atieno, ambaye alikuwa bado mdogo. Alikimbia akajificha nyuma ya baba yake. Na Ochieng, mume wangu, mwanamume asiyeogopa hata kiboko, alirudi nyuma mpaka mlangoni, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba wangu.

"Kama ni wewe, Akinyi, kaa hapo hapo," akasema. "Usikuje karibu na mtoto."

Wazee waliitwa, wakafanya yanayofanywa, wakatangaza kwamba mimi ni mtu. Nilirudishiwa nyumba na jiko langu. Lakini mtoto hakutangaziwa chochote moyoni mwake! Atieno hakula chakula kilichotoka mkononi mwangu. Alilala kwa nyanya yake. Alikuwa akilitazama lile kaburi, kisha ananitazama mimi, kisha anarudi kulitazama kaburi. Na mimi, ndugu zangu, nikaanza kumwamini.

Nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa namenya viazi nikaiona mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine. Watu wakiita "Akinyi!" nilisubiri mwenye jina aitike. Nilisikia ladha ya udongo mdomoni. Moyo ulipiga mbio bila kufukuzwa na kitu. Niliogopa kulala, niliogopa kuamka, niliogopa kivuli changu ukutani. Siku ya boti niliogopa kufa, lakini hiyo ni hofu ya kila mtu. Hii ilikuwa hofu kwamba nimeshakufa, na kwamba ni mimi tu sijaambiwa. Wazo likaja, likakaa: rudi ziwani, Akinyi, ukamalizie, mtoto apate amani. Nilianza kwenda kuteka maji bila kubeba ndoo.

Ochieng alinifuata siku moja, akaniona nimesimama majini hadi kiunoni. Kesho yake akanileta hapa Suna nikae kwa Mama Rhoda, ambaye wengi wenu mnamjua. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kabla ya kustaafu, na alikuwa akiwakalisha akina mama kimya mbele za Mungu, wakitafakari. Najua mlivyomsema! Mlisema ni mambo ya Wahindi, mlisema ukiiacha akili wazi pepo anaingia. Mimi nilifikiri, aingie tu, atakuta mwenye nyumba hayuko.

"Nyathina, mtoto wangu," akaniambia, "ubongo ni kama kinjia cha ng'ombe. Hofu imepita hapo kila siku mpaka nyasi zimekwisha, kwa hiyo kila wazo linafuata hapo hapo. Tutawapitisha ng'ombe mahali pengine, polepole. Kile cha zamani kitaota nyasi."

Akanifundisha. Kaa. Sikiliza pumzi ikiingia. Ikitoka, sema moyoni, Bwana, niko hapa. Wazo likija, usipigane nalo, rudi kwenye pumzi. Ni hayo tu. Ndugu zangu, ile siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ziwa! Nilinyamaza, na katika ule ukimya Akinyi akayeyuka. Hakuna mke wa Ochieng, hakuna mama Atieno, hakuna muuza omena. Niliruka nikapiga mayowe, "Nimekufa kweli!"

Mama Rhoda hakusogea. "Nani ameogopa?"

"Mimi!"

"Huyo mimi, amezikwa wapi?"

Nilikasirika sana. Mtu anakufa, mwenzake anauliza maswali! Lakini nilirudi kesho, na kesho kutwa, na miezi ikapita. Hofu iliendelea kuja, ila nikaanza kuiona ikiwa bado mbali, inakuja. Zamani nilikuwa ndani yake. Sasa nilikuwa naitazama.

Ndipo nikarudi nyumbani Sindo, nikaenda kukaa pale nilipopaogopa kuliko pote. Nilitandika mkeka kando ya kaburi langu, jua likiwa utosini. Mama mkwe alinichungulia dirishani. Bwana, niko hapa. Bwana, niko hapa. Na nikaona, ndugu zangu! Chini ya udongo ule kulikuwa na tunda na jina. Jina linaweza kuzikwa, biashara inaweza kuzama, hata kuitwa mke na mama, watu wanaweza kukunyang'anya. Lakini anayepumua mbele za Mungu hakuwa mle shimoni. Na pumzi yenyewe sikuwa nimeinunua mimi, nilikuwa napewa tu, na nikapewa tena. Nililia kwa sauti.

Nilipofungua macho, Atieno alikuwa amesimama hapo. Aliweka kiganja chake chini ya pua yangu.

"Mama, unapumua?"

"Napumua."

"Pumua tena."

Nikapumua tena. Akakaa mapajani mwangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Rhoda, namshukuru Ochieng aliyenifuata majini. Sitawadanganya kwamba hofu imehama. Hata asubuhi ya leo ilikuja, nikaikuta mlangoni. Lakini kama yuko mtu hapa ndani anayetembea, anayepika, anayeimba kwaya, na moyoni anajua ameshazikwa, namsihi amtegemee Bwana, na asiondoke peke yake. Ibada ikiisha nitabaki kwenye mkeka pale pembeni. Sitakuuliza jina. Tutakaa, hata kama ni mpaka jioni, mpaka wewe mwenyewe usikie kwamba unapumua.