Mwalimu Felicitas na Ndugu Waliokwenda Uganda

Bwana asifiwe, na poleni kwa safari. Kwa niaba ya familia ninasoma maisha ya Mwalimu Felicitas Byarugaba, na mtuvumilie, maana tukifika katikati mtaona tumechanganyikiwa wenyewe.

Mwalimu Felicitas alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kituntu, Karagwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Byarugaba, akabatizwa Kilutheri, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1979 hadi 1985, akahitimu ualimu mwaka 1991, akapangiwa shule ya Nyakatuntu, akafundisha hesabu kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakipalilia migomba jirani walijifunza kugawanya. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Bwana Eliud Kamugisha, Mungu akawajalia watoto wawili, Winston na Benitha.

Agosti 2016 alianza kukosa usingizi, akaacha kula, akawa anakaa jikoni ndizi zinaungua anaziangalia tu, na daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa akili unaotibika, akanywa dawa, akarudi darasani, akaugua tena, akatibiwa tena. Kilichomwondoa ni nimonia, tarehe 9 Februari 2025, ila kabla ya kufa alituagiza tusisome kwamba aliugua kwa muda mfupi, tuutaje ugonjwa wake kwa jina.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka jana. Baba yake mdogo, Mzee Jovitus, shikamoo Mzee, alikataa katakata, akasema magonjwa haya yameletwa na simu na maisha ya siku hizi, zamani hayakuwepo, na tukiyatangaza nani atakuja kuposa kwetu? Winston akamuuliza kwa heshima kuhusu kaka yake Mzee mwenyewe, Byabato, ambaye sote tumeambiwa alikwenda Uganda kufanya kibarua asirudi, kwamba alikwenda Uganda sehemu gani. Mzee akalia, jamani, Mzee Jovitus akalia, akasema Byabato hakuvuka hata mto, alifungiwa kibandani nyuma ya migomba, akafia humo. Na dada yao Prudensia, tuliyeambiwa aliolewa Kampala? Naye hivyohivyo.

Sasa hatujui. Labda wagonjwa wameongezeka kweli, labda ni kwamba tumeacha kuwasafirisha. Wenye elimu watuambie, sisi vichwa vinatuzunguka.

Tunachojua ni kwamba Benitha, binti wa marehemu, ambaye ameturuhusu tuseme, hii ni wiki ya tatu halali, anaongea peke yake, na juzi wazee walishapanga aende Uganda kwa ndugu akapumzike. Haendi. Jumatatu baba yake anampeleka hospitali ileile iliyomtibu mama yake, na Mzee Jovitus ameomba kuwasindikiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliopika na kuteka maji, na vijana wa bodaboda wa Mabira mliomkimbiza hospitali kwenye tope lile.

Mwalimu, pumzika kwa amani, binti yako yuko hapa mbele, ameketi katikati yetu, kila mtu anamwona.